Mgonjwa Mpya Ni Nani?

Kati ya hospitali mbili zinazomtibu mamangu, kebo ni mimi. Ya kwanza ni ya kaunti, karibu na nyumbani, anakoenda kliniki ya presha na sukari. Ya pili ni ya rufaa, mwendo wa matatu mbili, anakoonwa na daktari wa figo. Zote zina kompyuta. Zote zina intaneti, siku ambazo stima haijapotea. Lakini majibu ya maabara ya huku hufika kule ndani ya bahasha ya kaki, bahasha iko kwapani mwangu, na mimi niko kiti cha nyuma nimesongwa na gunia la mtu.

Nikiwapigia mabeshte hii stori wananiambia hiyo ndiyo Kenya, zoea. Mimi nakataa. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka miwili na nusu kabla karo kunitoa darasani, na tangu hapo nimeendelea kusoma peke yangu, kwa bando za usiku, bila mtu wa kunipa maksi. Nilichoelewa ni kwamba waya sio shida. Watafiti hugawa kuelewana kwa mifumo katika ngazi: kwanza waya na itifaki, kisha muundo wa ujumbe, kisha maana ya kilichomo, na juu kabisa taasisi zenyewe kukubali kufanya kazi pamoja. Ngazi mbili za chini zilipata majibu kitambo. Ukipanda ya tatu ndipo jasho linaanza.

Fikiria pesa. Zamani ukimtumia mtu wa Airtel pesa kutoka M-Pesa, alipata meseji yenye kodi, kisha safari ya kumtafuta ajenti. Mwaka wa 2018 mifumo ikaunganishwa, pesa zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye simu yake. Biashara ndiyo iliyochelewesha mambo. Upande wa maana kazi ilikuwa nyepesi: soo ya huku ni soo ya kule, hakuna mtu wa kubishana shilingi ni nini.

Sasa jaribu kutuma mgonjwa.

Mamangu hawezi kudungwa penisilini, huvimba uso. Hospitali ya kaunti inajua, iliandikwa. Siku moja kule rufaa sista aliangalia skrini, akaona sehemu ya mzio iko tupu, akaanza kuandaa sindano. Mamangu ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti yake ya kanisani, “Sista, hiyo ni dawa gani? Kama ni penisilini, mimi hunivimbisha.” Sista akasimama. Hakuwa mzembe, aliamini skrini. Lakini tupu maana yake ni nini? Yaweza kuwa tulimuuliza, hana mzio. Yaweza kuwa hakuna aliyemuuliza. Yaweza kuwa aliulizwa kwingine na jibu bado liko kwenye bahasha. Kwa macho zote tatu zinafanana, kisanduku cheupe. Je, angekuwa amelala bila fahamu?

Kuna kiwango cha kimataifa cha kubadilishana data za afya kinachoitwa FHIR, kilichopendekezwa mwaka wa 2011 na Grahame Grieve wa Australia. Ndani yake kuna njia ya kuandika waziwazi kwamba mgonjwa hana mzio unaojulikana, na hiyo si sawa na kunyamaza. Ni tofauti ndogo sana kwenye karatasi. Ila haitasaidia kitu kama fomu ya mwanzo haina mahali pa kuiweka, au anayeijaza hajaelezwa kwa nini ipo. Na FHIR yenyewe haijidai kumaliza mabishano: inatoa vipande vya msingi, halafu kila nchi inapaswa kukaa chini iamue itavitumia vipi. Yaani hata ukiwa na kiwango, mkutano uko palepale.

Usidhani tuko nyuma katika haya. Mosoriot, kule Nandi, kituo cha afya kilikuwa na rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka wa 2001. Kutokana na kazi hiyo ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ikazaliwa OpenMRS, iliyoanza kubuniwa 2004 na kutumika Eldoret 2006. Leo iko katika nchi nyingi, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Ujanja wake ni kwamba haina safu mpya kwa kila swali la daktari. Ina kamusi ya dhana. Katika kamusi ya CIEL, ambayo watumiaji wengi wa OpenMRS huitegemea, uzito kwa kilo ni dhana namba 5089, na ile namba ya juu ya presha ni 5085. Mifumo miwili ikikubaliana kwamba 5085 ni kitu kilekile, presha ya mamangu inaweza kusafiri bila mimi.

Kuna safu moja mle ndani ninayoipenda kuliko zote. Kando ya tarehe ya kuzaliwa pana swali la ndiyo au la: je, tarehe hii ni ya kukadiria? Mamangu alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari, siku aliyozaliwa pamoja na nusu ya rika lake. Aliyeweka safu hiyo nadhani aliwahi kuketi karibu na mgonjwa kama yeye, au na karani aliyechoka kubuni tarehe. Majina ni hadithi nyingine. Ana la ubatizo, la kwao, la babake na la mume, na kila dirisha la usajili huchagua mawili linayoyataka. Kuna mahali L yake imegeuka R, na hilo siwezi kulilaumu kwa kompyuta.

Chuoni tulifundishwa kuchora modeli. UML, vile visanduku na mishale vilivyofanywa kiwango mwaka wa 1997. Kila muhula ilikuwa ni mfumo wa maktaba: kitabu, msomaji, mkopo, faini. Nilipata alama nzuri sana na sikuwahi kuagizwa kuongea na mtu wa maktaba. Modeli ilikuwa mchoro wa kupeleka kwa mwalimu. Ni baadaye, nikisoma kitabu cha Eric Evans cha 2003 kuhusu kubuni programu kutokana na shughuli yenyewe, nilipokutana na wazo kwamba kazi ngumu ni lugha: wanaoandika programu na wanaofanya kazi watumie maneno yaleyale kwa maana ileile, na pale neno linapobadilika maana, mpaka uchorwe. Melvin Conway alishasema mwaka wa 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya waliouunda. Tembea hospitali yoyote kubwa uone. Kliniki ya HIV ina mfumo uliolipiwa na mfadhili, dirisha la malipo lina mwingine uliouzwa na kampuni, maabara ina wake. Watu wasioongea wameunda kompyuta zisizoongea. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka mfumo mmoja uliounganishwa nchini, na ni vizuri. Sheria inaweza kuamuru mifumo iongee. Watakachoambiana bado ni kazi ya mtu.

Mwaka jana nilipata kibarua cha siku mbili cha kuandika kumbukumbu za kikao. Hospitali fulani ilitaka kuunganisha mifumo yake. Ukumbi wa hoteli, chai na maandazi, karatasi ndefu ya kahawia ukutani. Injinia aliyeongoza alitumia mbinu ya Mwitaliano Alberto Brandolini: kila mtu anaandika tukio kwenye kikaratasi cha rangi ya chungwa, kama lililokwisha kutokea, na kulibandika. Mgonjwa amesajiliwa. Damu imetolewa. Bili imelipwa. Kufikia saa tano ukuta ulikuwa unawaka.

Halafu mtu akabandika: Mgonjwa mpya amefika.

Mtu wa fedha akasema mpya ni aliyelipia kadi leo. Sista wa kliniki ya HIV akasema hapana, ni anayeanza dawa, hata kama amekuja hapa miaka kumi kwa malaria. Wa takwimu akataja ripoti ya wizara ya kila mwezi, yenye safu ya wapya na safu ya wanaorudi, na kuhesabu kwake hakukulingana na kwa yeyote. Kijana wa IT akasema kwake mpya ni yeyote asiye na namba kwenye databesi, jambo ambalo ni kweli na halisaidii. Walibishana mpaka chai ikapoa. Niliandika kila kitu.

Mama wa rekodi alikuwa kimya nyuma, mkoba magotini, kwa hesabu yangu mtu mzima kuliko wote mle. Injinia akamwuliza, “Na wewe mama, unaonaje?”

“Kwangu,” akasema, “mpya ni yule ambaye sijapata faili lake kufikia saa nne. Foleni imefika nje. Namfungulia lingine.”

Kijana wa IT alikuwa amelalamika asubuhi yote kwamba databesi imejaa watu waliorudiwa mara tatu, mara nne, na alikuwa na mpango wa programu ya kuwasaka. Akaacha kuandika. Injinia alishika kikaratasi mkononi, akatafuta pa kukibandika. Foleni haikuwa na rangi yake kwenye ile mbinu. Mwishowe akakiweka mwanzo kabisa wa ukuta, kabla ya usajili, na mama wa rekodi akasimama akakisogeza kidogo kushoto.

Kwenye kumbukumbu niliandika: Mgonjwa mpya, maana tano, mjadala unaendelea baada ya chakula cha mchana.