Kamba ya Katani Haishiki Chuma

Mimi ni mtoto wa Jipe. Nimezaliwa ukingoni mwa ziwa lile tunalogawana na Kenya, nyuma ya milima ya Upare, ambako baba alitufunza kufunga fundo la nyavu kabla hatujajua kuandika majina yetu. Siku hizi mafunjo na magugu yamelibana ziwa, na perege wa kushibisha nyumba hawapatikani kirahisi. Basi nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yakawa yale ya kusomwa kimya kimya, nilivuka milima nikateremkia barabara kuu ya Arusha kutafuta kazi ya utingo. Moyoni nilikuwa mwandishi wa riwaya. Kwenye lori nilikuwa mtu wa kufunga mzigo.

Lori lenyewe lilivuta trela bapa, lile lisilo na kuta wala paa. Wageni wa kazi hulidharau. "Kwani kuna nini, si unapakia tu juu?" Ndani ya kontena mzigo una kuta za kuuzuia. Kwenye trela bapa ukuta ni vile ulivyofunga wewe.

Siku hiyo tulibeba nondo tani 28 kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha. Tulikuwa na kamba za katani na mnyororo mmoja. Mwenye gari alisema vinatosha, minyororo ni ghali. Mbele ya trela hapakuwa na ngao ya chuma ya kuzuia mzigo usije kwenye kabini. Tulipopita Mombo usiku nilipanda kitandani nyuma ya viti, daftari la riwaya chini ya mto, nikalala. Karibu na Buiko, kumeanza kupambazuka, suka akaniamsha.

"We kijana, amka. Shuka ukaangalie kamba."

"Mzee, si tumeziangalia Korogwe?"

"Kamba ya Korogwe si kamba ya Buiko. Shuka."

Nikashuka nikinung'unika. Zilikuwa zimelegea kweli. Nikazikaza, viganja vikachubuka kwa kukosa glovu, kisha nikakaa kiti cha mbele maana usingizi ulisharuka. Hazikupita dakika kumi. Kabla ya Hedaru mbuzi wakaingia barabarani, suka akakanyaga breki. Nikasikia kamba zikikatika, pa, pa, halafu chuma kikiburuzika. Nondo zilitoboa ukuta wa nyuma wa kabini. Moja ilipita kwenye mto wangu, na daftari pamoja.

Hakufa mtu. Mwenye gari alipofika alizitazama nondo kabla ya kututazama sisi, na mshahara wangu wa mwezi ule akaukata. Nikaacha kazi. Lakini katika kurasa za lile daftari nilianza kuandika, si riwaya, bali orodha, nikiwauliza masuka wakongwe wa trela bapa mmoja mmoja na kusoma nilichoweza kupata.

Kwanza, minyororo na vikazio vyake. Chuma hufungwa kwa chuma. Mnyororo wa daraja la 70, wenye unene wa karibu milimita 10, umeruhusiwa kushika tani 3 hivi. Kanuni za Marekani zinataka uwezo wa vifungio vyote ukijumlishwa usipungue nusu ya uzito wa mzigo. Piga hesabu: tani 28 zinataka uwezo wa tani 14, yaani minyororo mitano. Sisi tulikuwa na mmoja. Nondo zizungushie mnyororo mzunguko mzima kabla ya kukaza, ili fungu libanwe kama njiti za ufagio. Na kikazio cha mpini kikifunguliwa hurusha mpini wake kwa nguvu. Simama pembeni, usije ukapigwa taya.

Pili, mikanda ya kukaza, kwa marobota ya katani, mbao na magunia. Soma kibandiko chake, ndicho kinachotaja uwezo wake. Mkanda uliochanika ni pambo tu. Penye kona kali weka kipande cha tairi kuukuu, maana kona ni kisu.

Tatu, turubai zito, na kabari za mbao kwa mzigo unaoweza kubingirika. Nne, vya mwilini: glovu za ngozi, viatu vyenye chuma mbele ya vidole, kofia ngumu, tochi ya kuvaa kichwani. Tano, kitambaa chekundu kwenye mzigo uliochomoza nyuma, na pembetatu za kuakisi mwanga. Majani ya mti tunayotandaza barabarani, usiku nani atayaona?

Cha mwisho hakinunuliwi: kusimama. Kanuni hizo hizo za Marekani zinamtaka dereva akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, kama kilomita 80. Suka wangu hakuwahi kuzisoma. Lakini aliniamsha.

Wiki ijayo mdogo wangu naye anaanza utingo. Baba amekubali kwa shingo upande. Nyavu zimetundikwa ukutani. Nimemnunulia glovu kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya kuchapishia mswada wangu. Akacheka.

"Kaka, glovu za nini? Mikono yangu si ya ziwani hii?"

Nikampa lile daftari lenye tundu katikati. Akapitisha kidole kwenye tundu, akanyamaza. Kisha akazivaa.