Jiwe la Utingo

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wanaosoma fizikia bila mwalimu. Wapo wengi. Wapo walio darasani na daftari lao halijavuka mada mbili tangu mwaka uanze, na wapo watahiniwa wa kujitegemea, wanaofungua kitabu usiku baada ya kufunga biashara. Nimekuwa kwenye makundi yote mawili, tena nikiwa na msiba. Mungu alinivusha kwa mikono ya watu, na alinivusha pia kwa maswali yenyewe ya fizikia. Kwa hiyo nitayaeleza maswali hayo na tarakimu zake, maana bila tarakimu ushuhuda wangu haueleweki.

Nimezaliwa kwenye milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Kwetu watu wanalima kabichi, karoti, viazi na hoho, na mazao hayo hushuka kwa malori hadi Mombo kabla ya kushika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Lushoto hadi Mombo ni kama kilometa 33, kona baada ya kona, mlima huku na korongo huku. Baba alikuwa utingo kwenye mojawapo ya malori hayo. Utingo hupakia, hufunga turubai, hulala juu ya mzigo, na gari likikwama mlimani ndiye anayeruka chini kuweka jiwe au gogo kwenye tairi.

Nilikuwa kidato cha tatu lori lao lilipokosa breki likishuka. Baba alifariki, na dereva naye. Hata arobaini haijafika, maneno yakaanza: utingo alizembea, angewahi kuruka na jiwe lake gari lisingeingia korongoni. Hakuna aliyemwambia mama usoni, lakini yalimfikia. Mimi yalinifikia shuleni, kwa mtoto mwenzangu, wakati wa mapumziko.

Shule yenyewe haikuwa na mwalimu wa fizikia. Mwalimu wa hisabati alitusaidia kila alipopata nafasi, na namshukuru, lakini alikuwa na madarasa yake. Tulitoka shule ya msingi tukiwa tumefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, sasa kitabu ni cha Kiingereza, na mtoto aliyefiwa hana nguvu ya kupigana na vyote viwili. Tulinakili fomula ubaoni bila kujua herufi zake zinasimamia nini. Mama alipoishiwa, nilishuka Mombo kumsaidia shangazi kwenye banda lake la chakula. Masomo yakakatika hapo.

Bandani ndipo nilipoanza kuona kitu. Kule juu kwetu maharage yalikuwa yanakesha jikoni. Mombo, maharage yaleyale, kutoka shamba lilelile, yaliiva mapema. Shangazi alisema ni maji ya Mombo. Siku mteja mmoja aliposahau kitabu kikuukuu cha Abbott, kile cha fizikia kilichosomwa na wazazi wetu, nilikifungua kwenye sura ya joto nikakuta jambo hilo limeelezwa. Maji huchemka mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Ukipanda mlima hewa inapungua, na kwa kila mita 300 hivi maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Lushoto ipo mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mombo, mita 400 na kitu, yanakaribia 99. Maharage ya mama hayakuwa magumu. Yalikuwa yanapikwa kwa maji yenye joto dogo zaidi.

Siwezi kueleza furaha ya siku ile. Kwa mara ya kwanza kitabu cha shule kilikuwa kimesema neno la kweli kuhusu nyumbani kwetu. Mwenye kitabu alipokirudia aliniacha nacho.

Nikaendelea na sura hiyohiyo. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji jouli 315,000: zidisha 4,200 kwa 75. Kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke kunahitaji jouli 2,260,000 nyingine, zaidi ya mara saba, na muda wote huo kipimajoto hakipandi hata kidogo. Maana yake ni kwamba sufuria ikishachemka, mkaa unaozidi unapika mvuke, haupiki maharage. Nilimwomba shangazi tupunguze moto mara povu linapoanza na tufunike vizuri. Alibisha, kisha akakubali, na gunia la mkaa likaanza kukaa muda mrefu kuliko zamani. Ni shangazi aliyesema, "Mwanangu, hicho kitu unachokisoma, kakifanyie mtihani."

Kwa kuwa sikumaliza kidato cha nne, ilibidi nianze na mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT. Jioni nilijiunga na wenzangu waliokuwa wakijisomea kwenye chumba tulichoazimwa. Kulikuwa na dereva wa bodaboda, mama mmoja muuza samaki, vijana wawili waliofeli wakarudi tena, na fundi friji. Fizikia niliihitaji kwa sababu nilitaka kusomea utabibu, na chuo kilidai ufaulu wa kemia, biolojia na fizikia. Fundi aliihitaji kwa sababu aliipenda tu.

Huyu fundi ndiye aliyenifungulia gesi. Tulikuwa na swali la kawaida kabisa: gesi iliyofungiwa ipo kwenye nyuzi 27, ipashwe mpaka nyuzi ngapi ili mgandamizo uzidi mara mbili, ujazo ukibaki uleule? Kila mtu chumbani alitaka kusema 54. Fundi alikataa. Alisema amewahi kushika mitungi ya hewa iliyoshindiliwa yenye joto kuliko hilo, na geji haikukaribia hata nusu ya nyongeza hiyo. Mikono yake ilijua kwamba 54 ni uongo kabla hatujajua sababu. Sababu ni kwamba sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, haina uhusiano na mwendo wa chembe za gesi. Sifuri ya kweli ipo nyuzi 273 chini yake. Kwa hiyo 27 ni kelvini 300, maradufu yake ni 600, na hiyo ni nyuzi 327. Tairi lililojazwa asubuhi kwenye kelvini 300 likipata moto barabarani hadi 330, mgandamizo unapanda kwa sehemu moja ya kumi, basi. Tukakumbushana pia kwamba geji husoma ziada iliyo juu ya hewa ya nje. Tairi bapa linasoma sifuri, ilhali hewa ya kawaida bado imo ndani. Katika hesabu lazima hewa hiyo iongezwe.

Wiki moja tulikata tamaa. Mmoja wetu alikuwa ameuliza swali kwenye darasa la kulipia mjini, akachekwa. Fundi akatusimulia habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, kulekule Lushoto. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inagombewa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyoingia baridi. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Watengeneza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua jambo hilo. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, na dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba. Nilikuwa nimepita Magamba mara nyingi tangu utotoni bila mtu kuniambia. Hili linaniuma hata sasa: kila mtoto wa Usambara alistahili kulijua jina hilo kabla hajafundishwa jina la mwanafizikia mwingine yeyote.

Tulilijaribu kwenye friji la fundi. Mara nyingine yaliyoingia ya moto yalishinda, mara nyingine yaliyoingia baridi. Aliyechekwa mjini alirudi darasani kuuliza swali lake upya.

Kisha tukafika sura ya mwendo.

Nilikuwa naikwepa sura ile. Ina picha ya gari linalofunga breki. Dereva wa bodaboda ndiye aliyeianza, kwa kuwa ilihusu kazi yake. Gari linakwenda kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, mita 20 zimeshakwenda. Breki zikipunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, zinahitaji mita 40 nyingine. Jumla mita 60. Kwa kilometa 36 kwa saa ni mita 10 za kuchelewa na 10 za breki, jumla 20. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Yule kaka aliirudia hesabu kwa sauti, akanyamaza, akasema kuanzia kesho abiria watamlalamikia kwa kuchelewa na yeye atawaacha walalamike.

Mimi nilichukua karatasi yangu pembeni. Sikujua uzito halisi wa lori la baba, nikachukua tani 10 pamoja na mzigo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kushuka mita 1,000. Masi mara 10 mara kimo: jouli 100,000,000. Nishati yote hiyo lazima iende mahali. Ikiwa gari halishikwi na injini kwa gia nzito, inaishia kwenye breki, nayo inakuwa joto. Joto la kuchemsha zaidi ya lita 300 za maji, liko kwenye vipande vichache vya chuma. Breki zikipata joto la namna hiyo haziumi tena, hata dereva akanyage kwa miguu miwili.

Hesabu ya pili niliifanya mkono ukitetemeka. Lori hilo likiwa kwenye mita 20 kwa sekunde lina nishati ya mwendo ya jouli 2,000,000. Tuseme utingo ameruka salama, amekimbia kulipita gari, ameweka jiwe, na jiwe halijasagika wala kurushwa. Ili kulisimamisha ndani ya mita 2, linatakiwa kutoa kani ya nyutoni 1,000,000. Huo ni uzito wa tani 100. Hakuna jiwe la kubebwa na mtu linaloweza hivyo. Kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, mita 1 kwa sekunde, nishati ni jouli 5,000 tu, mara 400 pungufu. Hapo ndipo jiwe linapofanya kazi: gari lililosimama, au linaloanza tu kurudi nyuma.

Baba hakuzembea. Nililia mbele ya wenzangu wote, na yule mama wa samaki alikaa nami mpaka nikatulia.

Nilipanda nyumbani mwisho wa juma lile. Mama hakusoma sekondari, kwa hiyo nilianza na maharage, nikaja kwenye sufuria, nikaja kwenye breki. Aliniuliza maswali mazuri kuliko ya darasani. Kama joto ni kubwa hivyo, mbona malori mengine yanafika? Nikamweleza gia, mzigo, na madereva wanaosimama njiani breki zipoe. Akatafakari, akasema: "Kamwonyeshe baba yako mdogo."

Baba mdogo alikuwa miongoni mwa waliosema. Aliwahi kuwa utingo naye ujanani. Nilimwamkia, nikaketi, nikaandika ile hesabu ya jiwe. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema kwamba yeye mwenyewe katika miaka yake yote aliweka jiwe kwenye gari lililosimama tu, na analijua hilo, na msibani mtu husema neno ili apate wa kulaumu. Jioni alikuja kwa mama, wakazungumza wakiwa wawili. Sikuuliza walichosema.

Mitihani niliifanya, wa maarifa kisha wa kidato cha nne. Shule moja ya jirani ilituruhusu kutumia maabara Jumamosi, tukashika pendulamu na kipande cha kioo kwa mikono yetu. Mada ya mwanga tuliipita haraka, isipokuwa swali moja ambalo namfundisha kila mzazi: kipimo cha maji cha kupinda mwanga ni 4 kwa 3, kwa hiyo bwawa la mita 2 linaonekana kama la mita 1.5, na mtoto anayelitazama kutoka juu anadanganyika. Nilifaulu fizikia, kemia na biolojia. Chuo nilimaliza, na sasa ni tabibu kwenye zahanati.

Kikundi chetu hakikufa. Wameongezeka vijana wa stendi, wawili kati yao ni utingo, na swali la kwanza wanalopewa ni la tani 10 na mita 1,000. Mmoja wao alimpelekea dereva wake jibu, na anasema siku hizi wanashuka kwa gia ileile waliyopandia. Jumamosi ijayo ni zamu ya gesi. Fundi ameahidi kuleta kompresa iliyofunguliwa ili kila mtu aione pistoni.