Mtamba wa mjomba na skrini ya Mugumu

ASIKUAMBIE mtu, msomaji wangu, hakuna mzigo mzito kama pesa ya mtu mwingine. Mimi niliubeba mzigo huo kutoka Tarime mpaka Mugumu, na kwa siku mbili nzima usingizi ulinipaa.

Mambo yalianza hivi. Nilikuwa Tarime mjini kwa likizo fupi, nimejikunyata ndani ya blanketi, maana mji ule uko juu na baridi yake ya alfajiri si mchezo kwa mtu aliyezoea joto la Dar. Simu ikaita. Alikuwa mjomba wangu, anayeishi kijijini wilaya ya Serengeti, jirani kabisa na hifadhi.

"Mura, nimeuza mtamba," akasema bila kuzunguka. "Nakutumia laki saba na nusu. Ninunulie ile mashine ya kurusha picha ukutani. Nafungua banda la mpira."

Banda la mpira ndiyo yale mambo ya kibanda umiza, tunayoyajua wote. Unalipa kiingilio, unakaa kwenye benchi la mbao lisilo na mgongo, unatoka kiuno kinauma lakini roho imetulia. Sasa kule kijijini kulikuwa na jamaa mmoja ng'ambo ya barabara aliyekuwa tayari na projekta, anajaza watu kila Jumamosi, na mjomba ilikuwa inamchoma.

Tatizo ni kwamba mimi na projekta tuna historia. Miaka miwili nyuma niliingizwa mjini, tena mchana kweupe. Nilinunua kijiprojekta duka moja, boksi limeandikwa "1080p" kwa herufi kubwa kama kichwa cha habari. Kufika nyumbani, mpira ukionekana kama yai lililopasuka, namba za migongoni huzioni. Fundi mmoja ndiye aliyenifungua macho. Kumbe ile 1080p ilikuwa na maana kwamba mashine inaipokea picha ya aina hiyo, lakini yenyewe ina uwezo wa kuonyesha nukta 800 kwa 480 tu.

Piga hesabu mwenyewe. Picha ya Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Ile yangu ilikuwa na nukta 384,000, haifiki hata moja ya tano. Hilo ndilo changa la macho, na nililipigwa kwa pesa yangu. Safari hii ilikuwa pesa ya mtamba, na Mkurya akiuza mtamba ujue amevunja benki.

Washikaji wa kijiweni Tarime wakanishauri niende Sirari, nivuke mpaka niingie Isebania upande wa Kenya, nikabahatishe bei. Nikaenda kuchungulia. Sirari ni raha yake, msomaji. Huku na kule watu ni wale wale, Wakurya wa Tanzania na Wakurya wa Kenya, wanasalimiana kwa Kikurya huku shilingi za nchi mbili zikibadilishana mikono kwa kasi ya karata. Lakini nilipopiga hesabu ya ushuru pale kituo cha forodha, na nilipofikiria kwamba waranti ingebaki upande wa pili wa mpaka, ile tofauti ya bei ikayeyuka. Kuna waliotaka kunipitisha njia za panya. Nikakataa. Mtamba akitaifishwa porini, mjomba ningemwambia nini?

Nikarudi Tarime mjini, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kabla ya kuulizia bei yoyote nikampigia mjomba nikamuuliza maswali matatu. Chumba kina ukubwa gani? Mita nne kwa tano, ukuta wa tofali, paa la bati, na bati lenyewe lina matundu. Watu wataangalia saa ngapi? Mchana na jioni zaidi. Umeme je? Upo, lakini ukikatika anategemea sola na betri moja ya ampia 100.

Hapo ndipo projekta ilipoanza kutolewa nje ya uwanja. Projekta inataka giza. Zile nzuri zenye mwanga wa kupambana na jua zinauzwa bei ambayo mjomba angeuza mtamba, mama yake na fahali juu. Za bei ya chini huandikwa lumeni elfu tisa kwenye boksi, lakini ukitafuta neno ANSI, ambalo ndicho kipimo chenye kueleweka, hulioni. Sasa Ligi ya Uingereza, mechi nyingi za Jumamosi huanza saa 11 au saa 12 jioni kwa saa zetu, na ile ya mapema ni mchana kabisa. Bati lina matundu, jua linapenya, picha ukutani inageuka uji.

Halafu umeme. Projekta ya taa ya kawaida hula wati 250 hivi au zaidi. Luninga ya LED ya inchi 43 hula kama wati 70. Betri ya ampia 100 huifai kuimaliza yote, nusu yake inatosha, la sivyo utaiua mapema. Kwa luninga na king'amuzi unapata mechi mbili bila wasiwasi. Kwa projekta, giza linaweza kukukuta dakika ya 80, timu ya watu inatafuta bao la kusawazisha. Umeshawahi kurudisha viingilio vya watu wenye hasira, wewe?

Nikaamua ni luninga. Muuzaji akaniwashia flati yenye maua mekundu na samaki wa rangi zote, inang'aa kama harusi. Nikamwambia kaka, hapa hakuna anayeangalia maua. Nikatoa flashi yangu yenye mechi, nikamwomba achomeke hiyo. Nyasi ndiyo mtihani wa luninga, msomaji. Luninga dhaifu huyageuza majani kuwa zulia la kijani, na mpira ukipigwa mbali unaacha mkia kama kimondo. Kisha nikaenda kusimama pembeni kabisa, karibu na mlango, maana kibandani si wote wanaokaa katikati. Luninga ya kwanza ilififia ukiitazama kwa pembeni. Ya pili ikabaki na rangi zake.

Akanishauri nichukue ya 4K. Nikamuuliza hiyo mechi ya 4K itatoka king'amuzi gani, akacheka. Ukweli ni kwamba mpira wa kwenye ving'amuzi vyetu ukija vizuri sana ni HD. Tena lipo kosa wanalofanya wengi: mtu ananunua luninga ya HD, halafu anaiunganisha na king'amuzi kwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe. Hapo umevaa suti na ndala. Ule waya wa njano haupitishi HD. Waya ni wa HDMI, na king'amuzi chenyewe kiwe cha HD.

Jambo moja muuzaji alinishinda, na nalikiri. Nilikuwa nang'ang'ania Full HD, yeye akasema mtu wa benchi la nyuma hataiona tofauti. Ni kweli. Kwa inchi 43, ukikaa zaidi ya mita tatu hivi, jicho halizitofautishi tena nukta hizo. Kwa watu wa nyuma ukubwa wa kioo ndio wenye maana. Lakini pesa ilinitosha inchi 43 ya Full HD, waya wa HDMI, kifaa cha kulinda luninga dhidi ya umeme wa kupanda na kushuka, risiti na waranti. Ikabaki nauli.

Safari ya kutoka Tarime kwenda Mugumu inapita Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambako vifusi vya mawe vimekuwa vilima vipya. Luninga bapa hailazwi, husafiri imesimama, la sivyo kioo kinapasuka. Konda akataka tuilaze juu ya magunia, nikaishia kuilipia siti. Abiria mmoja mzee akaisogelea akauliza, "Huyu mgonjwa anapelekwa wapi?" Gari zima likacheka. Tukavuka Mto Mara, unaotoka kule msitu wa Mau nchini Kenya kwenda kumwaga maji Ziwa Victoria. Mto huo huo, ndani ya hifadhi upande wa Kogatende, ndiko wageni wanakokuja kwa ndege kutoka mwisho wa dunia kuwaona nyumbu wakivuka. Sisi tuliuvuka na luninga, vumbi mpaka kwenye kope.

Nilipofika kijijini, mjomba alilitazama boksi kimya. Shikamoo yangu akaijibu nusu nusu. "Nilisema ya ukutani, mura." Mkewe, ambaye kwangu ni mama, akamalizia, "Mtamba angezaa mwakani. Na hii itazaa lini?" Nakuambia nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi ikafika. Tuliipandisha luninga juu kidogo ya kimo cha mtu, tukaiinamisha kuelekea chini, mabenchi tukayapanga nusu duara ili wa nyuma wasogee. Mjomba nilimkumbusha pia habari ya leseni, kwamba kuonyesha kwa kiingilio si sawa na kuangalia sebuleni kwako. Mechi ya mchana ilipoanza, kwa jirani projekta ilikuwa inaonyesha kivuli cha mpira. Mmoja akavuka barabara kuchungulia kwetu. Wakavuka watatu. Dakika ya 30 chumba kilijaa, na mjomba alikuwa mlangoni anapokea sarafu huku akijifanya hanioni.

Nisikudanganye lakini. Usiku giza lilipoingia, watu walirudi kwa jirani. Ukuta wake ni mkubwa kama shuka la vitanda viwili, na gizani hata projekta dhaifu inapendeza. Nikamtazama mjomba kwa wasiwasi. Akainua mabega. "Usiku ni wa tembo," akasema. Kule, mahindi yakikomaa, tembo hutoka hifadhini wakaingia mashambani, na wanaume hukesha na tochi. Banda lake lingefungwa usiku hata angekuwa na skrini ya dhahabu.

Kabla ya kuzima, kipindi cha wanyama kikaanza, na bila shaka ilikuwa Serengeti. Tembo akatokea kwenye kioo, unaona mpaka mikunjo ya ngozi na vumbi kwenye kope zake. Mjomba akasogea karibu, akamkagua kwa muda mrefu.

"Huyu namjua," akasema. "Amekula robo eka yangu."

Kwa hiyo wewe unayejikusanya ununue skrini yako, usianze na boksi. Anza na chumba chako, mwanga wake, umeme wako na macho ya watakaoangalia. Chumba chenye giza na watu wengi wa usiku, projekta itakufaa, ilimradi uulize nukta zake halisi. Chumba chenye jua, chukua luninga. AFCON ya 2027 imepewa Tanzania, Kenya na Uganda, wafanyabiashara watatutoa macho, tusiwape na pochi.

Juzi nilipiga simu kijijini, akapokea mama. Nikamuuliza kwa woga, je, imezaa?

"Bado," akajibu, nikasikia anacheka. "Lakini ina mimba."

Tukutane wiki ijayo.