Hisabu ya Ngazi

Ndugu zangu wa Michenzani,

Barua hii naiandika nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba, kwa kuwa vyuma vya kupashia moto vimepoa tangu juzi, na lifti imesimama wiki ya tatu sasa, nami nakaa orofa ya 8. Na jumba lenyewe liko Marzahn, mtaa wa Berlin ambao majumba yake makubwa yalianza kujengwa 1977 na Ujerumani ya Mashariki, dola ile ile ambayo wataalamu wake, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, walikuja kutusaidia kuyainua majumba mnamokaa nyinyi.

Jumba hili nililikuta safi. Liliponunuliwa na kampuni ambayo afisi yake iko mji mwingine, mtunza nyumba aliyekaa hapa chini, aliyejua kila ufunguo na kila valvu, aliondolewa, tukaachiwa nambari ya simu isiyopokelewa. Taa ya ngazi ikafa. Ukungu mweusi ukapanda ukutani. Wenye uwezo wakahama.

Lakini tuliobaki hatukunyamaza. Jirani yangu wa mlango wa pili, bibi mjane, ametundika kipimajoto mbali kidogo na dirisha, na kila asubuhi na jioni huandika katika daftari, kwa kalamu ya risasi, tarehe, saa na kiasi cha joto, kisha hutia saini kana kwamba ni kadhi. Alinifunulia ukurasa: 16, 15, 16, 14. Kwa sheria ya huku, kasoro ya namna hii ikisha kuarifiwa kwa mwenye nyumba, kodi hupungua kwa kadiri yake. Tena kila mwaka, kabla ya kupita miezi 12 tangu mwaka wa hisabu kwisha, sharti mwenye nyumba amletee mpangaji hisabu ya maji, usafi na lifti. Akichelewa kwa uzembe wake, hana haki ya kudai bakaa, na mpangaji aweza kutaka kuziona risiti zenyewe. Tulikwenda watu sita kuziona. Tukakuta ngazi imelipiwa usafi kwa miezi ambayo hatukuona hata ufagio. Tukaandika barua, na fedha hizo zikafutwa. Moto bado tunaugombania.

Sasa nije kwenu, na mniwie radhi kwa ukali. Dada ameniambia kwamba maji ya choo cha juu yanadondoka jikoni mwake tangu Ramadhani, naye amekinga karai. Na huyo wa juu amekinga ndoo kwa maji ya aliye juu yake. Na hapana anayemwuliza mwenziwe, eti ni aibu. Enyi ndugu zangu! Nyinyi ambao mchango wa arusi hamwachi hata shilingi ipite bila ya kuandikwa, na asiyetoa akajulikana mtaa mzima, mwawezaje kutoa pesa za pampu ya maji mwaka baada ya mwaka, mkononi mwa mtu, bila ya kumtaka hisabu? Kuuliza hisabu ya amana si utovu wa adabu.

Anzeni na ngazi moja. Mchagueni yule mama ashikaye michango ya arusi awe mweka fedha, na mwengine aandike. Hisabu isomwe kila mwisho wa mwezi, ngazini, mbele ya watu. Akiba ya bomba isinunuliwe balbu. Bomba la maji machafu lirekebishwe kwa ngazi nzima kwa pamoja, kwani kila mmoja akiziba pake maji hutafuta njia kwa jirani. Mkiandikia afisi inayosimamia majumba yenu, barua iwe na tarehe, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wala mtu asitoboe ukuta kabla ya kumwita fundi mjuzi.

Nimempelekea dada picha ya ukurasa wa daftari la bibi, mpate kuona mistari inavyopigwa. Mchango wangu nimekwisha kuutenga, nao nitauleta siku nitakayooneshwa ukurasa wa kwanza wa daftari lenu, umeandikwa jina langu na kiasi nilichoahidi, na nafasi ya risiti imeachwa wazi.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Berlin