Shule ya Udongo katika Nchi ya Jua Kali

Leo twendeni pamoja hata Gando, kijiji cha Burkina Faso, kusini-mashariki ya Ouagadougou. Huko joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 40. Mtoto atasomaje chini ya bati linalowaka kama kikaango?

Taabu hiyo aliijua Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando. Alipokuwa na miaka 7 aliacha kwao kufuata masomo, kwani kijiji hakikuwa na shule. Baadaye alijifunza kuchora majengo huko Berlin, akarudi na shauri la kujenga kwa udongo. Watu waliona mashaka: je, udongo hautamomonyoka mvua inyeshapo?

Tazameni basi shule iliyomalizika mwaka 2001. Kuta zake nene ni za matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo, nazo hazipitishi joto upesi. Dari pia ni ya matofali, yenye matundu. Juu yake bati limeinuliwa kwa nondo, tena limetokeza nje, likizikinga kuta na jua na mvua. Upepo huingia madirishani. Hewa ya moto hupanda, hupenya matunduni, ikatoka chini ya bati.

Wanakijiji ndio waliojenga: watoto walileta mawe, wanawake walichota maji. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Nasi tuonao haya kwa nyumba ya udongo, tujiulize: tulichopungukiwa ni bati, au ni ujuzi?