Nukta Iliyopotea



Kwa miaka minne nimekuwa nikichapa masomo na mitihani ya watoto wadogo wa madrasa ya mtaa wetu, hapa Kisauni. Kazi hii sikuajiriwa. Niliiomba mwenyewe, kwani wanangu wawili walisomeshwa hapo na nilitaka kurudisha walau kidogo katika kheri tuliyoipata. Maalim huniletea karatasi alizoandika kwa mkono, nami huzipiga kwa kompyuta, Kiarabu kwa Kiswahili, kisha huzitoa kwa printa iliyo chumba cha mbele.

Printa ya kwanza tuliinunua kwa shilingi 6,500, tukajiona tumepata bahati. Mwaka wa mwanzo haikutusumbua. Baadaye ikaanza vituko. Msimu wa masika, hewa inapojaa unyevu na karatasi kulegea, ilimeza kurasa mbili mbili na kuzikwamisha. Ilikataa kuchapa herufi nyeusi eti kwa sababu wino wa manjano umekwisha. Na kila ilipokaa wiki tatu bila kazi, ilitoa kurasa zenye michirizi myeupe, nami nikaiamuru ijisafishe mara mbili, mara tatu, na kila kujisafisha kukala wino ule ule niliokuwa nikiuhifadhi.

Kurasa za masomo ya kawaida zilizoharibika watoto walizichorea upande wa pili. Lakini zile zenye sura fupi za Qur'ani hazikuwa za kuchezewa wala za kutupwa jaani. Nilizitia katika mfuko wa kitambaa nikautundika nyuma ya mlango, zingoje kuzikwa mahali safi. Mfuko ukajaa. Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi aliutazama, akauliza, "Mwanangu, hizi zote ni za mwezi mmoja?" Nikamjibu kuwa ndiyo. Hakuongeza neno, nami niliona haya.

Ukafika mwezi wa Shaaban na mitihani ya kufungia madrasa. Nilichapa usiku, baada ya Isha, karatasi za watoto 64. Michirizi ilikuwepo, myembamba kama uzi. Niliitazama karatasi ya kwanza, nikaona maneno yanasomeka, nikasema yatosha. Ilikuwa saa tano, na wino uliobaki haukutosha kuisafisha mashine tena.

Siku ya tatu jirani yetu mmoja alipiga hodi, mkononi ameshika karatasi ya binti yake wa miaka saba. Katika swali la nne paliandikwa neno khubz, yaani mkate, na mtoto alitakiwa aandike jina la herufi ya kwanza. Binti aliandika "haa", na maalim akamkosoa.

"Nimemgombeza nyumbani," aliniambia yule mama, "kisha nikaitazama karatasi vizuri. Dada, nukta iko wapi?"

Haikuwapo. Mchirizi ulipita juu ya herufi pale pale, ukaichukua nukta ya khaa, ikabaki haa tupu. Wenzake, ambao neno lile walilihifadhi tangu ubaoni, waliandika khaa bila kuichunguza karatasi. Yeye, aliyejiunga muhula huo, alisoma kilichokuwa mbele ya macho yake, akakosolewa kwa kusoma kwake.

Nilijitanda buibui nikamwendea maalim saa ile ile. Nilimwambia yote, na lile lililokuwa zito zaidi, kwamba michirizi niliiona nikanyamaza. Alimrudishia mtoto alama yake, na kesho yake akamweleza mbele ya wenzake kuwa yeye alisoma sawasawa. Kwangu mimi alisema tu kuwa herufi ni amana, na kuwa mtihani ungeweza kungoja siku mbili. Kumbe aliyeogopa kuchelewa nilikuwa mimi peke yangu.

Usiku ule niliketi na daftari nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya miaka minne nyuma. Katriji nyeusi nilinunua kwa shilingi 1,800, nayo ilinitolea kurasa 150 hivi. Hizo ni shilingi 12 kwa kila ukurasa, kabla ya kuhesabu zilizokuwa mfukoni nyuma ya mlango. Saiba ya barabarani huchapa kwa shilingi 10. Tulijisifu kuwa na printa nyumbani, ilhali kila ukurasa ulitugharimu zaidi kuliko wa kulipia. Hata hivyo sikuweza kuihamishia kazi yote huko, kwani karatasi za mtihani ni siri, na masahihisho yangu huja usiku.

Fundi mmoja alinifahamisha jambo ambalo wauzaji hawakuwahi kunieleza. Printa ya wino wa maji hurusha matone kupitia matundu madogo mno. Isipotumiwa, wino hukauka matunduni, na hapo ndipo michirizi huzaliwa. Zile zenye tangi za kujaza wino kwa chupa zina nafuu kubwa ya bei kwa kila ukurasa, lakini nazo zina matundu kama hayo, hivyo hufaa kuchapa walau kidogo kila wiki. Printa ya leza hutumia tona, yaani unga mkavu unaoyeyushwa juu ya karatasi kwa joto; unga huo hauna maji ya kukauka, hata mashine ikae miezi. Ila huvuta umeme mwingi inapopata moto, kwa hiyo isichomekwe kwenye betri ndogo ya kompyuta, na zilizo nafuu huchapa rangi nyeusi peke yake.

Basi nilijiuliza: nachapa nini, kwa wingi gani, na mashine hukaa muda gani bila kazi? Jibu lilikuwa herufi nyeusi, mamia ya kurasa wakati wa mitihani, kisha ukimya wa wiki nyingi, na Ramadhani nzima. Kwangu ikawa leza. Dada ambaye watoto wake huchapa picha za rangi za kazi za shule kila siku mbili, hesabu yake yamkini itampeleka kwenye tangi.

Niliyoichagua iliuzwa shilingi 19,000, na tona yake shilingi 6,000 kwa kurasa 1,500, yaani shilingi 4 kwa ukurasa. Niliuliza pia kuhusu tona inayokuja ndani ya mashine mpya, nikaambiwa haikujazwa kamili. Ni vyema kuliuliza hilo kabla ya kulipa. Baba watoto alishauri tukope kwa simu. Nilimwomba tungoje zamu yangu ya upatu, kwani sikutaka chombo cha kuchapia maneno ya Mwenyezi Mungu kiingie nyumbani kwa riba. Alikubali. Kwa wiki tano nilichapa kidogo kidogo saibani, nikisimama pale mpaka faili ifutwe.

Siku ya kununua nilibeba mtihani ule ule ndani ya flashi, nikiwa nimeuhifadhi kama PDF ili kompyuta ya dukani isibadili herufi za Kiarabu. Mama mkwe, ambaye asili yake ni Siyu, mji wa kisiwa cha Pate uliosifika zamani kwa wanakili wa misahafu, alinipa kioo chake cha kukuzia maandishi. Muuzaji alistaajabu kuniona nimeinama juu ya kaunta nikihesabu nukta. Zote zilikuwepo.

Printa kuukuu nilimpa fundi kwa ajili ya vipuri, baada ya kumtajia kila aibu yake. Mfuko wa nyuma ya mlango tuliuzika, na sijatundika mwingine.

Lakini mashine mpya haijaniondolea wajibu wa kutazama. Kila Alhamisi yule binti hupita kuchukua karatasi za masomo ya darasa lao, nami kabla ya kufunga bahasha humpa ya juu anisomee, herufi kwa herufi. Akifika kwenye khaa hunyanyua macho kidogo, kisha huendelea.