Wingu Nyuma ya Kayaba

Uhandisi wa mitambo niliusomea Chuo Kikuu cha Kimathi, hapa Nyeri, na kazi iliyonilisha tangu wakati huo ni ya kulipua gesi ndani ya kompyuta. Ninachora depo ilivyo: matangi, mabomba, ukuta, mteremko wa kiwanja. Ninaigawa hewa yake kuwa visanduku vidogo, kisha OpenFOAM, programu isiyolipiwa, inapiga hesabu ya gesi na joto katika kila kisanduku usiku kucha.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipai, hutambaa. Katika miji yetu ya Mlima Kenya, asubuhi ya baridi ambapo upepo umelala, hufuata mitaro hadi bondeni na kukaa huko. Ikifika kati ya takriban asilimia 2 na 10 ya hewa, cheche moja yatosha.

Lakini kuwaka si kulipuka. Katika hewa tulivu moto wa gesi hii huila gesi polepole, chini ya nusu mita kwa sekunde. Ukipita katikati ya mabomba au matawi, hewa huvurugika, moto hukunjamana, uso wake hupanuka na kasi hupanda. Kasi nayo huzidisha mvurugiko. Hapo ndipo shinikizo la kubomoa nyumba huzaliwa. Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, tangi la petroli lilifurika na mvuke ukatanda. Nguvu ya mlipuko ule iliwashangaza wataalamu, hadi uchunguzi ulipoelekeza kidole kwenye miti na vichaka vya kando ya barabara. Taarifa za uchunguzi huo nilizisoma nikiifikiria kayaba, ua wetu wa miiba.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilisema maombi ya kibali cha eneo hilo yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023, makazi yakiwa yamelibana. Niliumia sana, kwa maana hatari ile ilikuwa imeshaonekana kwenye karatasi.

Baadaye mzee mmoja wa Karatina aliniita kwenye kiwanja chake cha kujazia mitungi. Nikamwonyesha kwenye skrini wingu la gesi likiteremka hadi kwenye kayaba yake.

"Binti yangu, huo ua aliupanda baba. Na ni mbichi, hauwezi kushika moto."

"Si lazima uwake, mzee. Kazi yake ni kuivuruga gesi tu."

Akaniomba niuondoe ua kwenye kompyuta kwanza, panga lisubiri. Nikauondoa, nikaweka waya wa seng'enge. Tukaitazama namba ya shinikizo ikishuka. Akaniuliza vipi tukiubakisha upande wa juu, ambako wingu halifiki. Swali zuri kabisa. Nikalipigia hesabu usiku huo huo, na upande wa juu ukabaki.